Jembe Lililokunjika Busunzu

Nilipotea kidogo. Nilichukua likizo nikaenda Kigoma, kule Busunzu, kumwona bibi mzaa mama. Nimerudi Dar na gunia la maharage, vumbi jekundu kwenye viatu na aibu moja ambayo nimeona niitoe hapa hadharani, huenda ikamfaa mwingine.

Kisa chenyewe ni jembe.

Kabla ya kuondoka nilipita Kariakoo nikamnunulia bibi jembe jipya. Lilikuwa zuri kwelikweli. Limepakwa rangi, lina nembo inayong'aa, na muuzaji aliniapia kwa jina la mama yake kwamba ni orijino. Nikalibeba hadi Kigoma, kisha Kasulu, kisha Busunzu, nikamkabidhi bibi mbele ya majirani. Nilijiona mjukuu aliyesoma na asiyesahau kwao.

Mvua za kupandia zilikuwa zimeshaanza. Bibi alilitia mpini akaenda nalo shambani. Siku ya tatu alirudi nalo mapema, ncha imejikunja kama sikio la mbwa. Hakunigombeza. Alilitazama, akalipiga kwa kidole, akasema, "Mwana wanje, hili ni bati." Akaingia ndani akatoka na jembe lake la zamani, lililolika mpaka limebaki upana wa kiganja, akarudi zake shambani. Kile kipande alichokuwa amekusudia kumaliza wiki ile hakikuisha. Sisi wa mjini jembe likikunjika tunasema tutanunua lingine. Kule mvua haikusubiri. Siku tatu za mwanzo wa msimu zikipotea, utaziona zimepungua kwenye debe wakati wa kuvuna.

Kilichoniuma zaidi ni jambo jingine. Mimi nina digrii, naandika kwenye gazeti, nimewahi hata kuandika habari za bajeti ya kilimo. Lakini pale Kariakoo sikujua niangalie nini. Nilinunua rangi. Bibi, ambaye hajui kusoma nembo ile, alijua kwa kidole kimoja.

Kesho yake nililibeba lile jembe nikaenda kwa mhunzi. Ni mzee wa makamo, kibanda chake kina paa la nyasi na hakina ukuta. Nikamsalimu "Mwakeye," akaitikia, akacheka kidogo alipoona nilichobeba. Pembeni ya fuawe lake, ambalo ni kipande cha reli, kulikuwa na jiwe jeusi zito lenye mapovu kama uji ulioganda. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni mavi ya chuma, aliyaokota shambani wakati analima. Nikauliza ya nani? Akasema, "Ya babu zetu. Wewe ulidhani majembe yote yalitoka kwa Wahindi?"

Basi bwana, hapo ndipo safari yangu ya historia ilipoanza.

Mavi ya chuma ni takataka zinazotoka pale udongo wenye madini unapoyeyushwa kwenye tanuru ili kupata chuma. Ukiyaokota mahali fulani, ujue hapo palikuwa na watu waliotengeneza chuma chenyewe, si waliofua tu chuma cha mtu mwingine. Hizo ni kazi mbili tofauti, na sisi tumezichanganya. Mhunzi anayepiga nyundo tunamwona hata leo. Aliyekuwa akigeuza udongo mwekundu kuwa chuma ametoweka, na tumesahau hata kwamba aliwahi kuwepo.

Nchi ya Waha, yaani Buha, ilikuwa na falme kadhaa, kila moja na mwami wake. Muhambwe ilikuwa huku Kibondo, Buyungu ni kule ambako tangu mwaka 2012 kuna Wilaya ya Kakonko, na Heru ilikuwa upande wa Kasulu. Hayakuwa mapori ya watu waliokaa wakisubiri kuletewa zana. Stanley alipopita Uha Novemba 1871 akimtafuta Livingstone, alitozwa hongo ya nguo na wakuu wa nchi mpaka akachoka, akaamua kupita usiku kwa kunyata na msafara wake mzima. Nchi inayoweza kumfanya Stanley anyate ni nchi yenye utaratibu wake.

Na utaratibu huo ulisimama juu ya mambo machache: ng'ombe, chumvi na chuma. Chumvi ilipikwa kutoka chemchemi za Uvinza, na wataalamu wa mambo ya kale waliochimba pale miaka ya 1960 waligundua kwamba watu walikuwa wakiipika kwa zaidi ya miaka 1000. Chuma kilitoka kwenye vilima hivi vya mpakani na nchi jirani, pamoja na Usumbwa na Burundi. Kilisafiri kikiwa katika umbo la jembe. Jembe liliingia kwenye mahari, kwenye faini na kwenye ushuru wa mtawala. Misafara ilinunua majembe ya nchi hizi za magharibi na kuyafikisha Unyamwezi, ambako yalibadilishwa kwa vitu vingine. Kwa hiyo jembe lilikuwa zana na fedha kwa wakati mmoja. Usipolilimia, unalioa. Likichakaa, linarudi kwa mhunzi linakuwa kisu au mshale.

Sasa fikiria jambo hili, msomaji wangu. Pale ambapo fedha yako ni chuma, kila mtu analazimika kujua chuma. Baba wa binti anayeletewa majembe ya mahari hawezi kukubali bati. Ataligonga asikilize. Ataangalia kama lina ufa. Atalipima uzito kwa mkono. Atauliza nani kalifua. Leo kila mmoja wetu anajua kuikagua noti ya shilingi 10,000 kwenye mwanga. Wao walikagua jembe namna hiyohiyo. Bibi yangu alirithi kidole kile kutoka huko.

Chuma chenyewe kilipatikanaje? Niwaeleze kwa kifupi. Tanuru la udongo lilijazwa mkaa na udongo wa madini kwa tabaka. Vijana walivuta mivukuto, zile ngozi za kupulizia hewa kupitia mirija ya udongo, kwa saa nyingi mfululizo bila kuacha. Mkaa ukiungua ndani ya tanuru unatoa hewa inayoinyang'anya ile mawe oksijeni yake, na chuma kinabaki. Hakiyeyuki kikawa maji, kwa sababu chuma safi kinahitaji joto la nyuzi 1538 za Selsiasi. Takataka ndizo zinazoyeyuka na kutiririka kwenye nyuzi 1200 hivi, nazo ndizo yale mavi ya chuma. Kinachobaki ni donge lenye matundu kama sifongo, ambalo lazima lipashwe moto na kupondwa tena na tena mpaka uchafu utoke. Mkaa uliotumika ulikuwa mwingi, na ulitaka miti migumu, ambayo miombo ya Kigoma inayo.

Kazi hii ilikuwa na miiko yake. Katika nchi nyingi za Maziwa Makuu na hata Ufipa, tanuru lilichukuliwa kama mwanamke anayejifungua, na wafuaji walijizuia kulala na wake zao mpaka chuma kizaliwe. Unaweza kucheka. Lakini kazi inayotaka watu wakae macho, wasigombane na wasitoroke hadi mwisho inahitaji nidhamu, na miiko ilikuwa ndiyo kanuni zao za kiwanda.

Wala usidhani ilikuwa kazi ya kubahatisha. Mwaka 1976, karibu na Bukoba, wazee wa Kihaya waliowahi kuifanya kazi hiyo ujanani walijenga tanuru upya mbele ya watafiti wa Kimarekani, Peter Schmidt na Donald Avery. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science na yakawashangaza watu wengi. Wazee wale waliweka matete ya kinamasini yaliyochomwa kwenye shimo la chini ya tanuru, na mkaa wa matete yale ulisaidia kukipa chuma kaboni. Walipata chuma chenye tabia ya feleji humohumo ndani ya tanuru. Na kule Ufipa, Rukwa, matanuru marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, mengine yalibaki yamesimama maporini miaka mingi baada ya moto kuzimika. Jirani zetu wa Karagwe walikiheshimu chuma kiasi kwamba hazina ya ufalme wa Rumanyika, ambayo Stanley alionyeshwa mwaka 1876, ilikuwa na sanamu za ng'ombe wa chuma.

Sasa ikawaje tukafika kwenye bati langu la Kariakoo?

Jibu la haraka ni kwamba Wazungu walileta majembe mazuri zaidi. Mimi silikubali lote. Majembe ya kiwandani yalikuwa rahisi, hilo ni kweli, na reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 mzigo mzito ulianza kusafiri kwa bei ndogo. Lakini kuna mengine. Wajerumani walileta kodi ya nyumba miaka ya mwisho ya 1890, na baadaye Waingereza nao wakatoza yao. Kodi hiyo ilidaiwa kwa fedha ya serikali, si kwa jembe. Fedha ya serikali ilipatikana wapi? Kwenye mashamba ya mkonge Tanga na Morogoro. Ndiyo maana vijana wa Kiha, wale ambao mikono yao ingevuta mivukuto, walikwenda kuwa manamba. Kijana aliondoka kwao, akakata mkonge, akarudi na nguo, na pengine na jembe la dukani.

Halafu miaka ya 1930 ukaja ugonjwa wa malale. Serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi wa Kibondo na Kasulu kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika, ikawakusanya kwenye makazi maalumu ili kuwaepusha na ndorobo. Nia ilikuwa kuokoa maisha. Lakini watu walitenganishwa na misitu yao ya mkaa na mahali walipochimba udongo wao. Na baada ya uhuru, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Kigoma ilikuwa kati ya mikoa ya mwanzo kuhamishiwa watu vijijini, ile tuliyoiita Operesheni Kigoma. Mara mbili katika kizazi kimoja na nusu, mtu wa Buha aliambiwa afunge mizigo. Tanuru halifungwi kwenye mzigo.

Kwa hiyo tanuru lilizimika kwa kukosa mikono, kukosa mkaa, kukosa mahali, na kwa sababu fedha ilibadilika. Mhunzi wa kufua alibaki, kwa sababu yeye alipata chuma kingine: vipande vya reli, springi za malori, mabaki ya mashine.

Taifa nalo lilijaribu kuziba pengo. Baada ya Azimio la Arusha tulikuwa na kiwanda cha UFI pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, na Zana za Kilimo kule Mbeya. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kusaidia viwanda vidogo, wahunzi wakiwemo. Mzee wangu wa Busunzu bado anayazungumza majembe ya UFI kwa heshima, kama watu wanavyomzungumza mchezaji wa zamani. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa miaka ya 1980 na 1990, na tukapata kila aina ya jembe, zuri na bovu, yote yamepakwa rangi ileile. Na Liganga kule Ludewa, ambako kuna mlima wa chuma, mkataba wa kuchimba ulisainiwa mwaka 2011, na muongo mzima ukapita bila kutoka hata msumari.

Hapo ndipo ninapotaka tutafakari pamoja. Tunazoea kusema tulipoteza viwanda. Mimi naona tulipoteza kitu cha mapema zaidi. Tulipoteza mnunuzi anayejua. Soko la majembe mabovu haliwezi kusimama mbele ya watu wanaogonga na kusikiliza. Linasimama mbele ya watu kama mimi.

Uzuri ni kwamba ujuzi huu haujafa wote, na haudai tanuru. Nilikaa kwa yule mzee siku mbili. Haya ndiyo niliyoyapata, nikayachanganya na niliyoyasoma.

Kwanza, jua kwamba tofauti kubwa ya vyuma ni kaboni. Chuma chenye kaboni kidogo sana ni laini, kinapinda na kubaki kimepinda. Nondo nyingi za ujenzi ziko karibu na huko, kwa hiyo usitegemee panga la nondo. Chenye kaboni kama nusu ya asilimia 1 kinaweza kukazwa kwa moto, na hicho ndicho cha jembe, panga na shoka. Springi ya lori iko kwenye kundi hili, ndiyo maana wahunzi wanaigombania. Kikizidi asilimia 2 kinakuwa chuma cha kusubu, kama cha jiko au injini ya zamani: kigumu, lakini ukikipiga kinapasuka.

Utajuaje dukani? Omba kuligonga jembe likiwa linaning'inia. Mlio mrefu na safi unaonyesha halina ufa. Mlio mfupi kama wa chungu kilichopasuka, liache. Chukua tupa ndogo, uisugue kwenye makali. Ikiteleza, makali yamekazwa. Ikiuma kama inakula mbao, ni laini, litakunjika kama langu. Kama unanunua chuma chakavu na kuna jiwe la umeme karibu, tazama cheche. Chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka. Chenye kaboni zaidi hutoa cheche fupi zinazopasukapasuka kama fataki. Cha kusubu hutoa cheche fupi nyekundu zilizofifia. Na rangi usiiamini, maana chini ya rangi ndipo ufa na maungio mabaya hujificha.

Pili, moto. Mzee alikata kipande cha springi, akakifua kuwa jembe, kisha akakipasha hadi wekundu wa kung'aa, kama nyuzi 800 na kidogo. Akachovya makali peke yake kwenye mafuta. Nikamuuliza kwa nini si maji. Akasema springi ukiitia maji inaweza kupasuka, na maji ni ya chuma kisicho na hasira. Kisha akasugua makali haraka kwa jiwe mpaka yakang'aa, akasubiri. Joto lililobaki mgongoni lilianza kurudi kwenye makali, na rangi ikatembea mbele ya macho yangu: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, halafu buluu. Ilipofika buluu akalizamisha lote. Rangi zile ni kipimajoto. Manjano ni karibu nyuzi 225, makali magumu ya kisu. Zambarau ni karibu 280, inafaa shoka. Buluu ni karibu 300, makali yanayovumilia kugonga jiwe bila kumeguka. Hakuna kitabu pale, lakini vipimo vipo.

Ndiyo maana ukinoa panga lako kwenye mashine ya umeme mpaka makali yawe buluu, umelifungua lile fundo alilofunga mhunzi. Makali yamelainika. Noa taratibu, chovya kwenye maji mara kwa mara. Ukitumia tupa, isukume mbele tu, iinue wakati wa kurudi.

Jambo moja la usalama: usipashe moto bomba au bati lililopakwa zinki. Moshi wake unaleta homa kali na kifua kubana.

Tatu, utunzaji, na hapa hata mwenye kisu cha jikoni Sinza asikilize. Adui wa chuma ni maji na chumvi vikikaa pamoja, kwa hiyo zana ya Dar inaoza haraka kuliko ya Kibondo. Ondoa udongo, kausha, pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo, ning'iniza. Usiliache jembe limelala kwenye sakafu ya saruji. Visu visivyoshika kutu vina kromiamu, lakini kutoshika kutu si sawa na kuwa na makali. Vingi vya bei rahisi ni laini. Na mpini: chagua mti mgumu wenye nyuzi zilizonyooka, mpera ni mzuri. Ukilegea, usiuloweke ndani ya maji ukadhani umepona. Utavimba leo, kesho ukikauka utalegea zaidi. Tia kabari.

Lile jembe langu la Kariakoo je? Mzee alilinyoosha, akasema halikaziki, halina kitu ndani. Alinishauri nilipeleke kwa bibi likawe la kuzolea majivu. Ndiyo kazi yake sasa. Lile la springi nililipa mimi, na bibi alilipokea bila hotuba. Aliligonga kwa kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Kesho yake alfajiri nilisikia akiondoka nalo kabla sijaamka.

Siku ukinunua chochote cha chuma, ligonge kwanza, na usione haya mbele ya muuzaji. Mababu zetu walikuwa wakigonga majembe ya mahari mbele ya wakwe.

Alamsiki.